SOMO LA 9: INI NA SUMU YA UKUNGU

Karanga na mahindi yakiwekwa ghalani yakiwa na unyevu, huota ukungu. Ukungu mwingine hutoa sumu iitwayo aflatoksini, au sumukuvu. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa. Walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo.

Sumu nyingi huua upesi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye ukungu. Lakini sumu kidogo kidogo, ikiliwa miaka mingi, huleta kansa ya ini. Huiletaje?

Jambo la ajabu ni hili: sumu hii ikiingia mwilini bado haina makali ya kuleta kansa. Ini ndilo huitia makali. Kazi ya ini ni kutoa uchafu katika damu. Sumu hii haiyeyuki vizuri katika maji, basi haitoki kwa urahisi na mkojo. Kwa hiyo ini huibadili kwa kuiongezea oksijeni. Hapo, kwa muda mfupi sana, sumu iliyobadilishwa hunata kwenye chochote kilicho karibu. Nyingi hukamatwa na kutolewa. Nyingine hunata kwenye maandishi ya urithi.

Maandishi hayo ni nini? Mwili umejengwa kwa seli, ndogo kuliko punje ya unga. Ndani ya kila seli ya ini mna maagizo ya kazi yake. Mwili una njia ya kuyasahihisha. Lakini seli ikigawanyika kabla ya kusahihishwa, herufi moja hunakiliwa vibaya, na seli zitakazotoka humo hurithi kosa. Mara nyingi kosa limeonekana katika agizo linalozuia seli isigawanyike ovyo. Makosa yakizidi, seli huongezeka bila kusimama. Hiyo ndiyo kansa. Mwenye virusi vya homa ya ini B yumo hatarini zaidi, maana seli za ini lake hufa na kuzaliwa upya mara kwa mara.

Kuchemsha hakuondoi sumu hii. Wapo wanaochambua mahindi mabovu wakayapikia pombe. Sumu hubaki mle mle! Ng'ombe akiyala, sehemu yake hutoka katika maziwa.

Jaribio: Tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu. Funga, tikisa, ngoja robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi hayajakauka. Yaanike tena juu ya turubai, si juu ya udongo.

Maswali
1. Ini hubadili sumu kwa nia gani? Hutokea nini?
2. Kijijini kwenu mahindi yenye ukungu hupelekwa wapi?