Mwanamke na Mstari wa Mbele: Tunajifunza Nini Pwani ya Cabo Delgado?



Ndugu zangu katika imani, sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba zake wote.

Muhula huu, katika darsa letu la baada ya Magharibi, liliulizwa swali: je, inafaa mwanamke wa Kiislamu kuwa askari wa mstari wa mbele vitani? Kaka mmoja akajibu kwa mkato kwamba vita ni kazi ya wanaume, mjadala umekwisha. Ukhti mmoja kutoka nyuma ya pazia akauliza, "Na vita vikimkuta nyumbani kwake?" Ikaadhiniwa Isha, tukasimama kuswali bila kumjibu. Makala hii ni jaribio la kumjibu.

Swali lake halikuwa la kubuni. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, mpakani na mkoa wetu wa Mtwara, wapo mama na dada zetu ambao kwao hili ni jambo lililowatokea. Basi tuanzie huko, kisha tuingie katika dalili.

1. Vita vilivyobisha hodi

Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Cabo Delgado, Msumbiji. Wenyeji waliwaita Al-Shabab, ingawa si kundi lile la Somalia. Agosti 2020 waliuteka mji huo wakaushikilia kwa mwaka mzima, hadi majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa Agosti 2021. Kabla ya hapo, tarehe 24 Machi 2021, walikuwa wameushambulia mji wa Palma, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Kufikia mwaka huo watu zaidi ya 700,000 walikuwa wameyahama makazi yao katika jimbo hilo.

Pwani ile ni ya Waislamu wa madhehebu ya Shafii kama sisi. Wamwani wanasema Kimwani, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili chetu, na Palma Kiswahili chenyewe ni lugha ya sokoni na ya madrasa. Maji yakipwa, wanawake huteremka ufukweni kuokota chaza na kombe. Hao hawakwenda kwenye mstari wa mbele. Mstari wa mbele ndio uliowafuata hadi jikoni kwao. Desemba 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza kuwa wanawake na wasichana zaidi ya 600 walikuwa wametekwa na kundi hilo tangu mwaka 2018, wengine wakilazimishwa "ndoa" na wapiganaji.

Kundi hilo linadai kupigania dini. Dai hilo linavunjwa na dalili moja tu. Amesimulia Ibn Umar (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba katika moja ya vita vya Mtume (s.a.w.) alikutwa mwanamke ameuawa, na Mtume akalikemea jambo hilo na kukataza kuua wanawake na watoto. Huyo alikuwa mwanamke wa upande wa maadui. Itakuwaje basi kwa mwanamke Mwislamu anayeswali swala tano, anayeburutwa kutoka nyumbani kwake?

2. Wanawake waliobeba bunduki katika ardhi ile ile

Kuna jambo ambalo wengi wetu hatukulisoma shuleni. FRELIMO, iliyoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilianza vita vya ukombozi dhidi ya Wareno tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la Chai, huko huko Cabo Delgado. Mwaka 1966 Kamati Kuu yake iliamua kwamba wanawake nao wapewe mafunzo ya kijeshi. Mwaka 1967 kundi la kwanza la wasichana wapatao 25 lilianza mafunzo katika kambi ya Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Hapo kikazaliwa Kikosi cha Wanawake, kwa Kireno Destacamento Feminino.

Aliyejulikana zaidi ni Josina Machel, mke wa Samora. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na umri wa miaka 25, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Wanawake wa Msumbiji hadi leo. Josina hakuwa Mwislamu, wala FRELIMO haikuwa harakati ya dini, kwa hiyo hatuwachukui kuwa dalili ya kisheria. Tunawachukua kuwa mazingatio.

Kikosi kile kilifanya nini hasa? Wapo waliopigana. Lakini kazi kubwa ilikuwa kubeba silaha na risasi kichwani kwa mwendo mrefu wa porini, kulinda maeneo yaliyokombolewa, kuhamasisha wanavijiji, kutibu majeruhi na kulea yatima wa vita. Hata jeshi lililotangaza usawa waziwazi liliwagawia wanawake kazi kwa kutazama haja ya vita ile, si kwa kutaka tu kuthibitisha kwamba mwanamke anaweza kufanya kila afanyacho mwanamume. Na wanaume waliosema mwanzoni kwamba mwanamke hafai kushika silaha walinyamaza walipoona kuwa bila wanawake wale chakula na risasi havifiki.

3. Mwenendo wa zama za Mtume (s.a.w.)

Tukirudi Madina tunakuta picha yenye sehemu tatu.

Kwanza, kupigana hakukuwa faradhi kwa wanawake. Bibi Aisha (r.a.) alipouliza kuhusu jihadi, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kwenye Hija iliyo njema kuwa ndiyo jihadi iliyo bora kwao. Hadithi hiyo imo katika Bukhari.

Pili, wanawake walitoka na jeshi kwa kazi maalumu. Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.) anasimulia kuwa walikuwa wakitoka na Mtume kuwanywesha maji wapiganaji, kuwahudumia, na kuwarudisha Madina majeruhi na waliouawa. Umm Atiyya (r.a.) alitoka katika vita saba, akibaki kambini kupika na kutibu. Hayo yamo katika Bukhari na Muslim.

Tatu, ilipofika dharura, walipigana. Nusayba bint Ka'b, Umm Umara (r.a.), alikwenda Uhud na kiriba cha maji. Safu za Waislamu zilipovunjika na Mtume akabaki na watu wachache, aliweka kiriba chini akashika upanga na upinde, akapata jeraha kubwa begani. Katika vita vya Khandaq, Safiyya bint Abdul-Muttalib (r.a.), shangazi yake Mtume, alimuua kwa mti wa hema adui aliyekuwa akiizunguka ngome ya wanawake na watoto. Na siku ya Hunayn, Umm Sulaym (r.a.) alionekana na jambia. Alipoulizwa akasema ni la kumpasua tumbo mshirikina atakayemkaribia. Mtume (s.a.w.) alicheka, wala hakumnyang'anya jambia lake.

Tuzingatie. Umm Umara hakuandikishwa kuwa askari wa safu ya kwanza, lakini wala hakuambiwa kwamba alifanya haramu. Alisifiwa.

4. Wanazuoni wamesemaje?

Mafaqihi wametofautisha hali mbili, na kuzichanganya ndiko kulikotugombanisha siku ile.

Hali ya kwanza ni vita vya nje ya mji, vinavyotangazwa na kiongozi halali. Hivyo ni fardhi kifaya: wakisimama wa kutosha, wengine wamesalimika. Ibn Qudama, katika al-Mughni, anautaja uanaume kuwa miongoni mwa masharti ya kuwajibika kupigana. Hapa mwanamke halazimiki. Lakini ewe msomaji, kutolazimika si sawa na kukatazwa. Msafiri halazimiki kufunga Ramadhani, na akifunga, funga yake inasihi.

Hali ya pili ni adui kuuvamia mji. Hapo inakuwa fardhi ain. Al-Marghinani, katika al-Hidaya ya Mahanafi, anaeleza kuwa katika hali hiyo mwanamke hutoka kujilinda hata bila idhini ya mumewe. Nasi Mashafii tunaye Imam an-Nawawi, ambaye katika Minhaj anasema adui akiingia katika mji, wenyeji wanalazimika kujilinda kwa kila wanachokiweza.

Kwa hiyo ukhti wetu alikuwa amegusa penyewe. Mwanamke wa Palma anayechukua panga kumzuia mtu asimchukue binti yake havunji mpaka wa dini yake. Anatekeleza wajibu. Ila isieleweke kuwa hii ni ruhusa ya kila mtu kuunda kundi lake la silaha. Kuendesha vita ni jambo la mamlaka halali, na pwani ile imeonja matokeo ya vijana waliojipa mamlaka hayo wenyewe.

5. Na jeshi la leo?

Wengi wetu tuliotoka kidato cha sita tumepita JKT kwa mujibu wa sheria. Dada zetu wamepiga kwata na kulenga shabaha pamoja nasi. Je, waende mbali zaidi, hadi kwenye vikosi vya mashambulizi? Hapa wanazuoni wa zama zetu wanatofautiana, na mwenye kauli nyingine anastahiki heshima. Mimi naona ifuatavyo.

a) Asilazimishwe. Alichoondolewa na sheria ya Allah asibebeshwe na binadamu. Maadamu wanaume wa kutosha wapo, kikosi cha mashambulizi kibaki kuwa jukumu lao. Ndani yake kuna hatari ya kutekwa, na kuna maisha ya mahandakini yasiyo na faragha wala sitara.

b) Afundishwe kujilinda. Huwezi kumwambia mtu ana wajibu siku mji ukivamiwa, kisha umnyime ujuzi wa kuutekeleza.

c) Afunguliwe milango ambayo yeye ndiye anayehitajika. Nani anampekua mwanamke aliyevaa baibui kwenye kizuizi cha barabarani? Nani anamhoji msichana aliyetoka mikononi mwa watekaji, na kumtibu? Septemba 2020 ilisambaa video ya wanaume waliovaa sare za jeshi wakimuua kwa risasi mwanamke asiye na silaha barabarani, eneo la Awasse. Amnesty International ilisema wauaji walikuwa askari wa serikali, na mamlaka za Msumbiji zikakanusha. Vyovyote iwavyo, mahali ambapo wanawake hushikwa na kuhojiwa na wanaume watupu wenye bunduki ni mahali pa khofu. Daktari, mpelelezi na askari wa kike hapo ni haja ya kisheria, kwa masharti ya sitara na makazi yaliyotengwa. Nazo ni kazi za karibu sana na mstari wa mbele. Umm Atiyya alikuwa huko.

6. Deni la wanaosema "vita ni vya wanaume"

Sasa nizungumze na akina kaka, na kaka yule wa darsani. Anayesema mwanamke asiende vitani amejiwekea deni. Katika Suratun-Nisaa aya ya 75, Allah anawauliza waumini wana nini hata wasiwapiganie wanyonge, wanaume, wanawake na watoto, wanaomlilia awatoe katika mji wa madhalimu. Aya ile inataka wa kuwalinda. Si haki kumzuia mwanamke asijilinde, kisha usiwepo wa kumlinda.

Deni hilo haliishi vita vikiisha. Wapo wasichana waliorudi kutoka porini na watoto ambao hawakuwataka, na jamii inawatazama kwa jicho la pembeni, kana kwamba walikwenda kwa hiari. Katika Suratun-Nuur aya ya 33, Allah anataja wanawake waliolazimishwa uchafu, na anajitaja kuwa ni Mwenye kusamehe na kurehemu baada ya kulazimishwa kwao. Ikiwa Mola hawahesabii kosa, sisi ni nani? Siku msichana kama huyo akikaa nasi darsani, tusimuulize alikuwa wapi. Tumpe nafasi na msahafu.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Eleza tofauti ya fardhi kifaya na fardhi ain katika kulinda mji. Hukumu ya mwanamke inabadilikaje?
2. Kitendo cha Umm Umara (r.a.) ni dalili ya kuandikisha wanawake jeshini, au ni dalili ya dharura tu? Toa hoja.
3. Tawi letu linaweza kufanya nini kwa wanawake waliokimbia vita pwani ya Cabo Delgado?

Allah (s.w.) awarudishie amani ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, awasitiri mama na dada zetu, na atupe ilimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.