Neno Huvuta, Neno Husukuma



Wazee walisema: Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Je, usemi huo ni mapambo tu, ama una ukweli ndani yake? Hebu tuutazame katika somo letu la leo.

MWILI HUJIBU
Mtu akipenda kitu hukivuta kwake. Akikichukia hukisukuma, au hujitenga nacho. Mtoto mchanga hulifuata titi, lakini dawa chungu huitema. Hilo kila mzazi analijua.

Sasa je, neno lililoandikwa nalo lina nguvu hiyo? Neno "nyoka" halina sumu. Ni wino tu juu ya karatasi.

Mwaka 1960 mtaalamu mmoja wa Marekani, Solarz, alitoa matokeo ya jaribio lake. Watu walionyeshwa kadi zenye maneno, mengine ya kupendeza, mengine ya kuchukiza. Walitakiwa kuzivuta kadi kwao au kuzisukuma mbali. Mikono ilikuwa myepesi kuvuta maneno mazuri na kusukuma mabaya. Ilipotakiwa kufanya kinyume, ilichelewa kidogo. Mwaka 1999 Chen na Bargh, nao wa Marekani, walitumia kijiti cha kuvuta na kusukuma. Wakapata jibu kama hilo.

Lakini tusimeze kila tunachosoma. Mwaka 2015 wataalamu wengine walirudia jaribio lile la 1999, nao hawakuona tofauti hiyo. Basi mjadala haujaisha. Tena huko kuchelewa kwenyewe ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Neno halimkamati mtu mkono. Humgusa kidogo, kisha yeye huamua kwa akili yake.

LINATUHUSU NINI?
Sisi walimu tuliwahi kukosea. Katika kijiji kimoja tulibandika tangazo: "Wajinga wote wafike shuleni saa kumi." Walikuja watu wanne. Wengine walizunguka njia ya mtoni wasionekane. Mama mmoja akatuambia, "Mwalimu, nimelea watoto saba, nalima ekari mbili. Leo unaniita mjinga mbele ya wakwe zangu? Miguu yenyewe imekataa kuja."

Tuliomba radhi, tukaandika upya: "Ndugu wakulima, karibuni tujifunze pamoja kusoma mizani ya pamba." Saa ilikuwa ile ile, na mwalimu yule yule. Wiki iliyofuata mabenchi hayakutosha. Yule mama alikaa mbele.

Kumbe kabla ya kusema watu ni wavivu, tujiulize kwanza tumewaitaje.

NENO TAMU NALO LIANGALIWE
Wewe sasa unajua kusoma. Maneno yatakuvuta kila mahali. Ukiona "Mkopo rahisi" au "Bure kabisa", mkono usikimbilie kalamu. Soma mpaka mwisho, hata yale maandishi madogo. Uliza riba ni kiasi gani, na ukishindwa kulipa utanyang'anywa nini. Ndipo utie sahihi.

Ukiona "SUMU" au "HATARI" juu ya kopo la dawa ya mimea, rudisha mkono, kisha soma maelezo. Wala usiimimine dawa hiyo katika chupa ya soda. Jina la soda humwita mtoto, naye hajui kilichomo.

MAZOEZI
1. Kateni kadi kumi. Tano ziandikeni maneno ya kupendeza, kama asali, mavuno, mjukuu. Tano ziandikeni maneno ya kuchukiza, kama njaa, nyoka, kipindupindu. Mwenzenu asome kila kadi, avute nzuri na kusukuma mbaya. Kisha abadili. Mnaona tofauti? Msiposhawishika, semeni hivyo.
2. Jadilianeni: ni maneno gani yanayowafanya watu wa kijiji chenu wakae mbali na kliniki, au na mkutano?
3. Andika tangazo la mkutano wa kijiji kwa maneno yasiyozidi 20. Liwavute watu, lakini lisiwadanganye.

Haya, ndugu, kazi kwenu. Mkishaandika matangazo, yasomeni darasani kwa sauti, na wenzenu waseme kama miguu yao ingekubali kuja.