Jinsi ya Kuitunza Betri ya Chombo cha Umeme

Wenzangu wengi wa Kidato cha Tatu wameniomba niandike juu ya betri, kwa kuwa wajua ya kuwa nyumbani kwetu mna pikipiki ya umeme, na tena wajua ya kuwa betri yake ya kwanza ilikufa mikononi mwangu. Basi nitaeleza kwanza jinsi ilivyokufa, kisha sababu zake, na mwisho nitataja desturi chache za kila siku ambazo zamfaa kila mtu mwenye chombo cha umeme, kiwe pikipiki, bajaji au motokaa.

Baba yangu mdogo, ambaye ndiye anilishaye na kunivisha, alinunua pikipiki hiyo Januari 2023. Kazi yake ni kubeba abiria kutoka stendi ya Babati kwenda ziwani, Mrara, na mara nyingine Bonga. Siku zile betri ikijaa ilikwenda kilomita 70. Yeye kazi yake ilikuwa kuendesha, na yangu ilikuwa kuchaji. Kila jioni alirudi betri ikiwa imekwisha kabisa, na siku nyingine alirudi akiisukuma. Nami niliipokea ingali ya moto, nikaichomeka papo hapo katika kibanda chetu cha mabati, nikaiacha mpaka alfajiri. Nilidhani nafanya vema.

Ilipofika Novemba, betri ilikwenda kilomita 45 tu. Mwezi uliofuata baba mdogo akaugua, na pikipiki ikakaa wiki sita na betri tupu. Alipopona tuliichomeka, lakini haikupokea umeme hata kidogo. Fundi akaipima, akasema imekufa. Bei ya betri nyingine ilikuwa sawa na fedha zote alizokuwa ameweka ili dada yangu aende chuo cha ualimu. Pasipo pikipiki hapana chakula nyumbani. Kwa hiyo betri ikanunuliwa, na dada yangu akangoja mwaka mzima.

Siku ile nilimwamkia, "Shikamoo, baba." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe usomaye fizikia. Hebu niambie, betri hii tuliikosea nini?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kwa mwalimu wetu wa fizikia, naye akanipa vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kosa letu la kwanza lilitokana na elimu ya betri nyingine. Watu wengi wa hapa walizoea betri za risasi na asidi, zile za malori na za taa za jua. Betri ya namna hiyo hupenda kukaa imejaa, na ikiachwa nusu kwa siku nyingi huharibika. Tena wazee waliotumia betri ndogo za nikeli na kadimiamu walifundishwa kuzimaliza kabisa kabla ya kuzichaji. Sisi tuliyaunganisha mafundisho hayo mawili, yaani kuimaliza kabisa na kisha kuijaza kabisa, tukaipa betri ya lithiamu. Lakini betri ya lithiamu ina tabia yake, na dawa ya mgonjwa mmoja yaweza kuwa sumu kwa mwingine.

Betri ya lithiamu ilianza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991. Wataalamu watatu walioiwekea msingi, yaani John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ndani yake mna nchani mbili. Nchani moja kwa kawaida hutengenezwa kwa madini ya kinywe, ambayo hutumika pia katika kalamu za risasi, na ambayo twayo kwa wingi huko Mahenge, wilaya ya Ulanga. Nchani ya pili huwa na madini mengine, kama nikeli na kobalti, au chuma na fosfeti. Unapoichaji betri, ayoni za lithiamu husafiri kwenda kulala katika kinywe. Unapoendesha, hurudi zilikotoka. Safari hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo uhai wa betri.

Sasa, juu ya kinywe hutanda utando mwembamba sana. Utando huo ni wa lazima, maana ndio ulinzi. Lakini ukizidi kunenepa hula lithiamu, na lithiamu iliyoliwa hairudi tena. Mambo mawili huunenepesha upesi, nayo ni joto na kukaa muda mrefu betri ikiwa imejaa pomoni. Katika kemia twafundishwa ya kuwa kwa makisio joto likiongezeka nyuzi 10, mwendo wa mabadiliko mengi huzidi kama mara mbili. Fikiri basi juu ya betri yangu, iliyotoka kazini ya moto, ikatiwa chini ya mabati yaliyoshinda juani, ikajazwa, ikaachwa imejaa usiku kucha. Nilikuwa naipika.

Na kuimaliza kabisa nako ni kosa. Betri tupu ikiachwa wiki nyingi huendelea kushuka polepole, hata ikafika chini ya kiasi chake cha mwisho. Hapo shaba iliyomo ndani yaweza kuyeyuka, na mtambo wa ulinzi hukataa kupokea umeme ili pasitokee moto. Hivyo ndivyo yetu ilivyozimika.

Basi desturi zenyewe ni hizi.

Kwanza, usingoje mpaka betri ikwishe. Ichaji inapofika 20 au 30 kwa mia, na siku za kawaida ikomeshe kwenye 80. Safari mbili za nusu huichosha betri kidogo kuliko safari moja ya kuijaza na kuimaliza.

Pili, siku ya safari ndefu ijaze mpaka 100, lakini ijae karibu na saa ya kuondoka. Kujaa si dhambi. Dhambi ni kukaa imejaa. Ikiwa betri yako ina herufi LFP, yaani ya chuma na fosfeti, soma kitabu chake, maana watengenezaji wengi hushauri ijazwe mara moja kwa wiki ili kipimo kisidanganye.

Tatu, ipumzishe ipoe kama saa moja kabla ya kuichaji, na uichaji kivulini mahali penye hewa. Katika nchi za theluji adui ni baridi, kwa kuwa kuchaji chini ya nyuzi 0 huharibu betri. Baridi yetu ya Julai, hata Mlima Kwaraha ukivaa mawingu, haifiki huko. Adui wetu ni jua na bati.

Nne, chaja ya kasi itumie kwa haja, si kwa mazoea. Umeme ukiingia kwa pupa huleta joto. Kawia ufike.

Tano, chombo kikikaa bila kazi wiki nyingi, kiache na kama 50 kwa mia, ukikague kila mwezi.

Sita, tumia chaja yake yenyewe. Usichaji chumba cha kulala wala mlangoni pa kutokea. Betri iliyovimba, iliyoingia maji au inayonuka usiitumie tena.

Sasa tuangalie hesabu, maana desturi bila hesabu ni kubahatisha. Betri yetu ni ya volti 72 na ampea-saa 30. Zidisha, utapata wati-saa 2,160, yaani uniti mbili na kidogo za umeme. Chaja yetu hutoa ampea 10. Kutoka 30 kwa mia kwenda 80 ni nusu ya betri, nayo ni ampea-saa 15. Gawa kwa 10, utapata saa moja na nusu. Baba mdogo hurudi saa 1 usiku. Betri hupoa mpaka saa 2. Naichomeka, nafungua vitabu vyangu, na saa 3 na nusu naichomoa, ndipo nami nalala. Nusu hiyo humpeleka kilomita 35, kisha mchana hurudi nyumbani kula na kuichaji tena. Mwanzoni alinung'unika kwamba anapoteza abiria wa adhuhuri. Baadaye aliona ya kuwa abiria hao si wengi, na kwamba mgongo wake nao ulihitaji kupumzika.

Tena twaandika kila kitu katika daftari, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Betri hii ya pili ilipotimiza mwaka, tuliijaza na kuipima; ikaenda kilomita 67. Ile ya kwanza, kwa muda mfupi kuliko huo, ilikuwa imepoteza kilomita 25. Tofauti hiyo haikununuliwa dukani, bali ilitokana na saa ya kuchomeka na saa ya kuchomoa. Dada yangu sasa yuko chuoni, na funguo za kibanda cha kuchajia ninazo mimi.

MASWALI

1. Betri ya volti 60 na ampea-saa 40 hubeba wati-saa ngapi?

2. Betri hiyo ikichajiwa kwa chaja ya ampea 8, yahitaji saa ngapi kutoka 20 kwa mia kwenda 80?

3. Jirani yako hujaza betri ya lithiamu jioni na kuondoka kesho yake saa 4 asubuhi. Mshauri, ukieleza sababu.