"Acute" na "Chronic": Ukali au Muda?

Maneno mawili ya Kiingereza hayakosekani katika majalada ya wagonjwa: "acute" na "chronic". Kwa desturi huyafasiri kuwa "kali" na "sugu". Fasiri hizo zimezoeleka, lakini mbele ya mgonjwa huweza kupotosha.

"Acute" lina asili ya Kilatini, na maana yake ya awali ni kitu kilichonolewa. Katika Kiingereza cha kila siku hutumika kwa maumivu makali, kwa masikio mepesi, hata kwa pembe isiyofika nyuzi 90, ambayo wanafunzi wetu huiita pembekali. Tabibu, hata hivyo, hulitumia kueleza muda: maradhi yaliyoanza ghafla na ambayo hayajadumu. Kuhara kwa siku zisizofikia 14 huitwa "acute" hata kama mgonjwa anakula na kutembea vizuri.

"Chronic" nalo linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wakati. Maradhi ya figo hupewa sifa hiyo yakidumu zaidi ya miezi 3, yawe mepesi au mazito. (Waingereza wenyewe, katika mazungumzo ya mitaani, hulitumia kwa jambo baya mno, utata huu si wetu peke yetu.)

Tatizo kubwa zaidi liko katika "sugu", neno tulilolitwika mizigo miwili. Kifua kikuu sugu ni kile ambacho vimelea vyake havishindwi na dawa za kawaida. Basi mgonjwa anayeambiwa ana ugonjwa sugu wa figo ana kila sababu ya kudhani kwamba dawa zimeshindwa. Akidhani hivyo, aendelee kuzimeza kwa nini?

Tazama homa ya ini aina ya B. Mtu mzima aliyeambukizwa huweza kuugua hadi macho yakawa manjano, kisha akapona. Wanaobaki na virusi ni chini ya 5 katika 100. Mtoto aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa kwa kawaida haonyeshi dalili, lakini takriban 9 kati ya 10 hubaki navyo. Vikidumu zaidi ya miezi 6, jalada husomeka "chronic". Huyo asiyeumwa popote ndiye anayehitaji kufuatiliwa kwa miaka, maana ini lake laweza kusinyaa au kupata saratani.

Mhudumu na aseme "ulioanza ghafla" au "wa muda mrefu", kisha aeleze kama ugonjwa ni mwepesi au mzito, na kama dawa zinafanya kazi. Nawe mgonjwa, ukiambiwa una ugonjwa sugu, uliza: ni sugu kwa muda, au kwa dawa?