SOMO LA LISHE: Kwa Nini Mwili Hupunguza Matumizi Chakula Kinapopungua

Katika vijiji vya Chara na maeneo mengine ya Garsen, chakula hupungua kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ukame na mafuriko. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilikuwa haba misimu mitano mfululizo. Kisha yakaja mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024, yakafunika mashamba kandokando ya Mto Tana. Njia ya pili ni ya hiari: mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu hushauriwa apunguze uzito, naye akaamua kula mlo mmoja kwa siku.

Mwili hautambui tofauti ya njia hizi mbili. Unachotambua ni kwamba kinachoingia ni kidogo kuliko kinachotumika, na hujibu kwa namna ile ile: hupunguza matumizi. Mkaazi anayeelewa jambo hili ataweza kumwokoa mtoto anayedhoofika kimyakimya. Anayetaka kupunguza uzito naye ataepuka kujiumiza bure.

Mwili hutumia nguvu wapi?

Hata mtu aliyelala fofofo hutumia nguvu. Moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, ubongo, ini na figo zinafanya kazi, na joto la mwili linahifadhiwa. Kwa mtu asiyefanya kazi nzito, shughuli hizi hutumia takriban asilimia 60 hadi 70 ya nguvu zote za siku. Nguvu hizo hupimwa kwa kalori, na kazi nzima ya kugeuza chakula kuwa nguvu na kuitumia huitwa umetaboli.

Tuchukue mfano wa boma ambalo mpunga wa ghalani unakaribia kwisha na mavuno yako mbali. Sufuria hupunguzwa, paa linalovuja huachwa lilivyo, na kazi zisizo za lazima huahirishwa. Mwili nao hufanya vivyo hivyo. Homoni za tezi ya shingoni, zinazoongoza kasi ya mwili, hupungua. Moyo hupiga polepole, joto hushuka, ngozi hukauka na nywele hunyonyoka. Misuli huliwa ili kutoa nguvu. Mtu hupunguza hata kujongea bila kujua: hukaa zaidi na kusimama kidogo.

Ni kweli kwamba mwili uliokonda huhitaji chakula kidogo kwa sababu ni mdogo. Lakini matumizi hushuka hata zaidi ya hapo.

Yaliyoonekana Minnesota

Jambo hili lilichunguzwa kwa makini katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Mtaalamu Ancel Keys alitaka kujua jinsi ya kuwasaidia watu waliokuwa wakifa njaa Ulaya. Mwaka 1945, wanaume 36 wenye afya waliojitolea walipewa takriban kalori 1,570 kwa siku, karibu nusu ya walivyozoea, kwa wiki 24. Chakula chao kilikuwa hasa viazi, kabeji, mkate na vyakula vingine vya aina hiyo.

Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Nguvu walizotumia wakiwa wamepumzika zilishuka kwa takriban asilimia 40. Mapigo ya moyo yalipungua sana, na walisikia baridi hata wakati wa joto. Walikuwa wachovu, wakimya na wasiopenda mazungumzo, na mawazo yao yote yalikuwa juu ya chakula. Waliporudishiwa chakula, iliwachukua miezi mingi kupata nafuu.

Mtoto mkimya si lazima awe mtoto mtulivu

Ikiwa watu wazima wenye afya walibadilika hivyo, mtoto mdogo hubadilika upesi zaidi kwa sababu akiba yake ni ndogo. Mtoto ambaye chakula kimempungukia kwa muda mrefu huenda asilie njaa. Huacha kucheza, hulala sana, hakohoi kwa nguvu, na mikono na miguu yake huwa baridi. Jirani anaweza kumsifu kwamba hasumbui. Kumbe mwili wake umezima karibu kila kitu kinachoweza kuzimwa.

Mwili wa aina hiyo pia hushindwa kuonyesha ugonjwa. Mtoto anaweza kuwa na nimonia bila homa, kwa kuwa nguvu za kupandisha joto hazipo. Kwa hiyo kukosekana kwa homa kusimfanye mzazi atulie.

Njia rahisi ya kumtambua mtoto huyo ni kupimwa mkono. Mhudumu wa afya ya jamii huzungusha utepe wa rangi kwenye mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Kipimo chini ya sentimita 11.5, yaani rangi nyekundu, ni utapiamlo mkali. Kati ya sentimita 11.5 na 12.5, rangi ya manjano, ni utapiamlo wa wastani. Mtoto ambaye miguu yote miwili imevimba, na ikibonyezwa hubaki shimo, apelekwe kituo cha afya hata kama mkono wake unaonekana mnene.

Kwa nini asishibishwe mara moja

Huruma humfanya mzazi atake kumjaza mtoto chakula siku ile ile. Hapo pana hatari. Mwili uliopunguza kazi hauwezi kupokea mzigo mkubwa ghafla. Chakula kingi kikiingia, madini kama potasiamu na fosfeti hukimbilia ndani ya seli na kupungua katika damu, na moyo uliodhoofika unaweza kushindwa kufanya kazi.

Ndiyo sababu mtoto aliyelazwa akiwa na utapiamlo mkali na hali mbaya huanzishiwa maziwa maalum yaitwayo F-75, yenye kalori 75 katika kila mililita 100. Mtoto wa kilo 6 hupewa takriban mililita 100, karibu nusu kikombe, kila baada ya saa 3, usiku na mchana. Mzazi asiyejua huona kipimo hicho ni uchoyo, lakini hiyo ni dawa. Hali yake ikitengemaa na hamu ya kula ikirudi, huongezewa hatua kwa hatua. Mtoto mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine hutibiwa akiwa nyumbani kwa chakula maalum cha njugu na maziwa kilichofungwa katika pakiti. Pakiti moja ina kalori 500, na ni ya mgonjwa peke yake, si ya kugawia ndugu.

Kwa anayepunguza uzito

Kujinyima kupita kiasi huamsha hali hiyo hiyo. Watafiti wa Marekani walifuatilia washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito. Ripoti yao ya 2016 ilionyesha kwamba miaka sita baadaye, miili yao ilikuwa bado ikitumia takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa. Wengi wao walikuwa wamenenepa tena.

Njia iliyo salama ni ya polepole. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina takriban kalori 16. Anayekunywa vikombe vitano vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, hupata kalori 240 kwa sukari pekee. Kupunguza hapo, na kupunguza mafuta ya kukaangia, ni bora kuliko kuruka milo. Samaki, kunde, pojo na maziwa visiachwe, kwa sababu husaidia kulinda misuli. Kazi ya shamba na kutembea pia hulinda misuli.

Saumu ya Ramadhani ni jambo tofauti, mradi futari na daku zitoshe. Umetaboli hushuka sana kwa wiki nyingi za upungufu, si kwa saa chache za mchana. Hata hivyo, anayetumia dawa za kisukari azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kufunga.

Mambo ya kuzingatia

• Mtoto aliyeacha kucheza na kulia apimwe mkono bila kungojea homa.

• Mtoto mwenye utapiamlo afunikwe vizuri au akumbatiwe kifuani, na aendelee kunyonya.

• Akiwa baridi, anatapika, amelegea au anakataa chakula, apelekwe hospitali mara moja.

• Mtu mzima asipunguze uzito kwa kushinda njaa, na asibadilishe dawa bila ushauri.