Kufundisha Muziki wa Gwaride kwa Mfano wa Beni

Mwalimu anayepangiwa shule isiyo na tarumbeta hata moja huweza kuliacha somo la muziki, akidhani kwamba bendi haiwezekani bila vyombo vya shaba. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba historia ya pwani yetu inakanusha dhana hiyo.

Ngoma ya beni, ambayo jina lake limetokana na neno bendi, ilizuka Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890. Waswahili walizisikia bendi za kijeshi, wakachukua gwaride, sare na vyeo vyake, wakavitia katika desturi yao ya zamani ya mashindano ya ngoma. Wakati wa Vita Kuu ya 1914-1918 askari na wapagazi waliieneza hadi bara, na vyama vya Marini na Arinoti vikapata wafuasi katika miji mingi ya Tanganyika. Kando ya Ziwa Nyasa, katika ngoma za mganda na malipenga zilizotokana na beni, vibuyu vilishika nafasi ya tarumbeta.

Tabia ya muziki huu ni nini? Msingi wake ni mapigo mawili yaliyo sawa: kushoto, kulia. Ngoma kubwa huyashika mapigo hayo, ngoma ndogo hujaza nafasi iliyo kati, na wimbo hupita juu. Mpango huo si wa pwani peke yake. Mmarekani John Philip Sousa alitunga gwaride lake mashuhuri, The Stars and Stripes Forever, mwaka 1896, yaani katika miaka ile ile. Mwishoni mwake filimbi ndogo hupamba juu kabisa, lakini mapigo ya chini hayatikisiki. Tofauti ni kwamba Sousa aliandika kila sauti katika karatasi, ilhali wachezaji wa beni walitunga maneno mapya kulingana na shindano.

Hapa Shangani tunawashauri wanachuo wafuate hatua nne.

Kwanza, watoto wapige hatua papo hapo bila wimbo, mguu wa kushoto ukiangukia “moja”. Wanaojua mchakamchaka wa alfajiri wamekwisha kuanza somo hili.

Pili, kundi moja lipige debe kubwa kwa kila hatua, na kundi jingine lipige makopo katikati ya hatua.

Tatu, tayarisha vibuyu vidogo. Toboa tundu la mdomo na tundu jingine ubavuni. Hili la pili lifunikwe kwa karatasi nyembamba. Mtoto asipulize, bali aimbe ndani yake, na karatasi itatetema.

Nne, kila kundi litunge maneno yake kuhusu mambo ya kijiji: uvuvi, mikorosho au kisima.

Kosa la kawaida ni wapiga debe kuharakisha. Mwalimu asifoke; asimamishe wimbo, awarudishe wote kwenye miguu. Tena, beni za zamani zilijulikana kwa kubezana kwa nyimbo. Katika kushindanisha makundi, atuze usawa wa mapigo, wala si kejeli.

Mwanachuo atakayepangiwa Msimbati au Kitaya atakuta madebe, vibuyu na miguu ya watoto. Hivyo vinatosha kuanzisha bendi.