Usonji na Lawama kwa Mama

Katika mji wa Mwanza na vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria, kama ilivyo kwingineko nchini, mtoto akitimiza miaka 2 au 3 bila kusema, bila kuitika jina lake wala kumtazama usoni anayemsemesha, watu huuliza: nani amemfanya hivi? Wengine husema amelogwa, wengine kwamba mizimu ya ukoo imekasirika, na mara nyingi lawama humwangukia mama. Makala haya yanaeleza hali hiyo, iitwayo usonji, na jinsi sayansi ilivyozipima lawama hizo.

Usonji ni nini?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kudumu maishani. Dalili zake ni za namna mbili. Kwanza, mtoto hupata ugumu katika kuwasiliana na kuhusiana na wenzake. Pili, hupenda mambo yasiyobadilika: anaweza kupanga vizibo vya chupa mstari mmoja kwa saa nzima, au kulia sana njia ya kwenda shule ikibadilishwa. Wengi huhisi sauti, mwanga au mguso kupita kiasi. Kelele za soko la samaki la Mwaloni, ambazo wengine hawazijali, zaweza kumfanya azibe masikio na kukimbia. Wako wasiosema kabisa, na wako wanaofaulu mitihani vizuri. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji.

Kosa la wasomi

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 wenye hali hii. Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wengi wa Marekani na Ulaya walidai kwamba chanzo chake ni mama asiye na upendo kwa mwanawe. Bruno Bettelheim wa Chicago aliyaeneza mawazo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1967. Basi kumlaumu mama si kosa la wanavijiji peke yao. Wasomi nao walilifanya, tena bila ushahidi.

Ushahidi wa mapacha

Usukumani mapacha huitwa Kulwa na Doto. Kibaiolojia wako mapacha wa aina mbili. Wale wa yai moja lililogawanyika hurithi jeni zile zile. Wale wa mayai mawili hufanana kwa urithi kama ndugu wengine tu. Lakini wote hulelewa na mama mmoja, katika nyumba moja. Hapo ndipo palipopatikana kipimo.

Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walitoa matokeo ya utafiti wao wa Uingereza kuhusu jozi 21 za mapacha ambao angalau mmoja wao alikuwa na usonji. Kati ya jozi 11 za yai moja, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Kati ya jozi 10 za mayai mawili, haikuwapo hata moja. Kama malezi ya mama yangekuwa ndiyo chanzo, tofauti hiyo isingetazamiwa. Utafiti huo ulikuwa mdogo, lakini tafiti kubwa zaidi zilizofuata zilithibitisha kwamba urithi una nafasi kubwa.

Malaria na usonji

Folstein huyo huyo alishiriki katika utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2006. Kati ya watoto 20 waliochunguzwa, 14 walithibitika kuwa na usonji. Watatu kati yao walikuwa wakikua vizuri mpaka walipougua malaria kali, yenye homa ya muda mrefu na degedege. Dalili zilianza walipopona. Kwa wengine 4 malaria ilikaribiana na mwanzo wa dalili, lakini haikuwa kali, hivyo huenda mambo hayo yalisadifiana tu. Kwa 7 waliobaki hapakuwa na uhusiano wowote.

Malaria kali huweza kudhuru ubongo. Hata hivyo watoto 14 ni wachache mno, na jambo kutokea baada ya jingine si ushahidi kwamba limesababishwa nalo. Lakini fundisho moja halina shaka, hasa kwa sisi wa kanda ya ziwa ambako malaria ni nyingi: mtoto mwenye homa na degedege apelekwe hospitali mara moja, asicheleweshwe kwa kudhaniwa ana pepo.

Wajibu wa jamii

Mama anayelaumiwa humficha mtoto ndani. Fedha huishia kwa waganga, na miaka ambayo mtoto angefundishwa kuwasiliana hupita bure. Hakuna dawa ya kuondoa usonji, lakini mafunzo yaanzayo mapema, matumizi ya picha, na ratiba isiyobadilika-badilika humsaidia sana. Mzazi mwenye wasiwasi aanzie kituo cha afya kilicho karibu, ambako anaweza kuelekezwa hospitali ya rufaa ya kanda, Bugando. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto huyo kupata elimu. Haki hiyo haitimizwi akiwa amefungiwa chumbani.

Maswali ya kujadiliwa darasani

1. Kwa nini mapacha wa mayai mawili walihitajika katika utafiti wa mwaka 1977?
2. Katika jozi 7 za yai moja, pacha mmoja tu ndiye aliyekuwa na usonji. Hilo linatuonyesha nini kuhusu urithi?
3. Ungefanya utafiti wa namna gani ili kujua kama malaria kali husababisha usonji?